Kumi na Sita

Miaka kumi na mmoja nondo zilisimama juu ya nyumba yetu,
kila moja imevikwa chupa ya soda kichwani isiliwe na kutu.
Lima haina mvua ya kweli. Ina ukungu unaotema mate,
wiki baada ya wiki, bila kuamua kunyesha.
Lakini kutu haihitaji mvua. Kutu inahitaji subira.

Mama aliziita nondo zile "meno ya baadaye."
Baba hakuziita kitu. Alizihesabu.
Kila Jumapili, kumi na sita,
kana kwamba kuna mwizi wa nia.

Kisha kaka Wilder akaanza kutuma pesa kutoka Milano,
anakoogesha wazee wa watu wengine,
na saruji ikapewa jina lake.
"Leo nimenunua Wilder watano," Mama alisema,
akaweka risiti chini ya sanamu ya Mtakatifu Martini.

Matofali yalipanda kilima mgongoni mwetu,
vipandio mia na tisini na nne
kutoka pale lori linapokata tamaa.
Mimi nilibeba sita sita. Binamu Yoselín alibeba kumi,
na mimba ambayo hakuna aliyeijua bado.

Miezi saba tulikula vumbi.
Vumbi kwenye wali, vumbi kwenye mswaki.
Bibi Casimira alikohoa, leso ikawa nyekundu;
tukapiga mayowe. Ilikuwa tofali tu.
Fundi Abundio alipima kuta kwa timazi na jicho moja;
la pili lilibaki Chimbote, hasemi kwa vipi.
Na Baba na Mama wakanuniana siku kumi na tatu
kwa ajili ya dirisha:
litazame barabara, au litazame makaburi alikolala Babu?
Mwishowe boriti ndiyo iliyoamua.
Linatazama tangi la maji la jirani.

Siku ya kumwaga zege wakaja hata tuliogombana nao.
Zege halilali:
ukishalikoroga limekushika shati.
Mashine ilinguruma toka alfajiri, ndoo zikapita
mkono kwa mkono, bega kwa bega, juu,
mjomba Fidencio akitukana kila kipandio kwa jina lake,
na chini sufuria la viazi vikavu na nyama ya nguruwe
likichemka kwa kasi ileile.

Kwenye boriti tulining'iniza chupa ya mvinyo, utepe mwekundu.
Fidencio, baba wa ubatizo wa paa, akainua nyundo.
Akakosa. Akakosa tena.
Mara ya tatu povu likamlowesha padri.

Nilikuwa nimeshika simu ili Wilder aone.
Picha ilikwama; alichoona ni anga tu, la kijivu, kama la huko.
Akauliza: "Chumba changu ni kipi?"

Mashine ilikuwa imezimwa. Sote tulisikia.
Yoselín akatazama viatu vyake,
kitanda cha mtoto kilikuwa kimeshapimwa upande wa kushoto.
Mama akasema, "Chenye dirisha,"
jambo ambalo si uongo.

Jioni wageni walipoondoka na sahani zao za kufungiwa,
Baba alipanda peke yake juu ya zege bichi, kwa ubao.
Kwenye pembe Abundio ameacha nondo zimechomoza,
kwa ajili ya ghorofa ijayo, kwa ajili ya nani sijui.
Nikamsikia akihesabu kwa sauti.
Kumi na mbili. Akarudia. Kumi na mbili.
Nne zilikatwa ngazi ipate kupita.
Akakaa huko muda mrefu.

Aliposhuka alisema tu kwamba tunahitaji chupa.
Basi wiki nzima tulikunywa soda ya manjano asubuhi na usiku,
hata Bibi, ambaye daktari alimkataza,
kijiko kwa kijiko, kwa uso wa mtu anayefanya kazi.